Ganesha wa Udongo wa Pito

Siku mama wa Kihindi alipochutama mbele ya vyungu vyangu pale sokoni Majengo, nilidhani anatafuta mtungi. Wahindi wachache waliokuwa Sumbawanga miaka ile ya ujamaa walipenda mitungi yetu kwa jinsi inavyopoza maji. Lakini hakugusa mtungi hata mmoja. Alikuwa amekumbatia kasha la mbao. Akalifungua, akatoa kitu kilichoviringishwa gazeti, akakiweka kwenye kiganja changu. Ulikuwa mkonga wa tembo, mdogo kama kidole gumba, umepakwa rangi ya waridi.

"Huo ndio uliobaki," alisema. "Kwingine kote ni unga."

Nikachungulia ndani ya kasha. Kweli, mlikuwa na vipande vya plasta, sikio hapa, kidole pale, na vumbi jeupe.

Nilimfahamu kwa sura. Mume wake alikuwa fundi cherehani mwenye chumba cha kazi jirani na soko, na hata sare zangu za shule ya msingi zilitoka kwenye mashine yake. Wazee wa huyo mume walikuja nchini kutoka upande wa Bombei. Kila mwaka, kiangazi kinapokaribia kuisha, familia ile ilikuwa na sikukuu ya mungu wao anayeitwa Ganesha, mwenye kichwa cha tembo. Sanamu yake ilitumwa na ndugu yao wa Dar es Salaam. Mwaka ule ilisafiri salama kwa treni mpaka Tunduma, na kutoka Tunduma kuja kwetu barabara ikaisaga.

"Zimebaki siku tisa," aliniambia. "Tangu niolewe hatujakosa hata mwaka mmoja. Dada, wewe unafinyanga. Unaweza kunifinyangia huyu?"

"Naweza," nilijibu.

Nilijibu hata hajafunga mdomo. Mpaka leo sijui neno lile lilitoka wapi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeolewa kijiji cha Pito, kazi yangu vyungu vya kupikia, vyungu vya pombe na mitungi. Mtu sikuwahi kumfinyanga. Tembo sikuwahi kumwona hata nyayo zake.

Yule mama alinishika mkono wenye udongo kwa mikono yake yote miwili. "Mambo mawili tu," alisema. "Usimchome moto. Na udongo wake uwe safi, usichanganywe na kitu kilichopikiwa nyama wala kutiwa pombe."

"Sawa, mama."

Sikuuliza sababu. Nilipanga vyungu vyangu kwenye tenga kabla soko halijachangamka, nikashika njia ya Pito karibu nakimbia. Njia nzima nilikuwa nikisema peke yangu, kichwa cha tembo, kichwa cha tembo, na mpita njia mmoja akanipisha akidhani nina homa.

Mama mkwe wangu ndiye aliyenifundisha ufinyanzi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye vidole ambavyo viliweza kujua unene wa chungu bila macho kuangalia. Mume wangu alikuwa kwenye mafunzo ya mgambo miezi ile, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili tu. Nilimkuta uani akisugua mtungi kwa kokoto ili ung'ae.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umerudi na vyungu?"

Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Alisikiliza bila kuacha kusugua.

"Asichomwe?" aliuliza mwishoni.

"Asichomwe."

"Mimi sijatoa kitu kibichi mikononi mwangu tangu nizaliwe. Watu watasema wafinyanzi wa Pito wameishiwa kuni." Akageuza mtungi upande wa pili. "Na Jumapili utasimamaje kanisani?"

Swali hilo lilikuwa limenichoma hata mimi nilipokuwa njiani. Sisi ni Wakatoliki wa sala ya asubuhi na sala ya jioni. Nilimwambia kwamba nimeombwa kazi ya mikono, hakuna aliyeniambia nipige magoti. Alisema tu, "Na tembo umemwona wapi?"

Kesho yake alfajiri nilikwenda bondeni kuchimba udongo. Nilichimba chini kuliko kawaida, nikaufuata ule wa kijivu unaoteleza kama samli. Nikauchambua punje kwa punje, nikaukanda mpaka mikono ikafa ganzi. Shida ikawa kwamba udongo wetu ukifinyangwa peke yake hupasuka unapokauka. Ndiyo maana wafinyanzi wote wa kwetu huchanganya vigae vya vyungu vya zamani vilivyotwangwa. Lakini katika vyungu vya zamani vya Pito, ni kipi hakikupikiwa nyama? Ni kipi hakikutiwa pombe? Nikatia mchanga wa mtoni peke yake, nikamwachia Mungu.

Nilianza na tumbo. Yule mama alikuwa ameniambia kwamba Ganesha ana tumbo kubwa sana, na tumbo nililijua. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa nafinyanga matumbo. Nikazungusha mikunjo ya udongo, nikaipandisha, nikailainisha kwa kipande cha kibuyu, na saa sita mchana lilikuwa limekaa juu ya ubao, la duara, zuri, lenye kitovu. Nilicheka peke yangu uani kama mwendawazimu. Nikaongeza miguu iliyokunjwa, mikono minne, kifua, kichwa na mkonga. Siku ya pili jioni alikuwa amekaa mbele yangu, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole.

Siku ya tatu ilikuwa zamu yetu ya shamba la kijiji. Tulikwenda kufyeka, upepo ukavuma tangu asubuhi, ule upepo wa Ufipa unaokausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Niliporudi, Ganesha alikuwa amepasuka kutoka kitovuni mpaka kooni, na mkonga ulikuwa chini.

Nilikaa kwenye vumbi. Nililia, sitaficha. Zilikuwa zimebaki siku sita.

Mama mkwe alitoka ndani, akasimama, akautazama ule ufa kwa muda mrefu. Hakunipa pole.

"Udongo wa ukuta wa nyumba hii," alisema, "mbona haujapasuka?"

Nikafikiri. "Tulichanganya na nyasi."

"Basi."

Akarudi ndani. Hilo ndilo lililokuwa darasa lote. Nikanyanyuka, nikachuma nyasi laini zilizokuwa bado mbichi kandokando ya maji, nikazikatakata ndogo kama tumbaku, nikazikanda na udongo mpya. Nilikuwa katikati ya kazi hiyo, udongo umefika mabegani, mama wa Kihindi alipotokea kwenye njia ya kijijini akiwa na kalenda iliyoviringishwa kwapani. Alikuwa ametembea kutoka mjini. Viatu vyake vimegeuka rangi ya barabara.

Nilitamani nimfiche yule aliyepasuka, lakini alikuwa ameshamwona. Nikamwambia ukweli, kwamba huyu amevunjika, na huyu wa pili nimemtia nyasi, na kama nyasi ni mwiko aniambie sasa.

"Nyasi?" alisema. "Umemtia nyasi?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Akapiga makofi. Mtu mzima, mama wa watoto wanne, alipiga makofi uani kwetu kama mtoto. "Dada, zawadi yake ya kwanza ni nyasi! Watu wanampa maua, wanampa vitu vitamu, lakini asipopewa nyasi hajapewa kitu. Majani ishirini na moja, tunayafunga pamoja, tunamwekea kichwani. Wewe umempa tumboni!"

Tangu hapo hofu yote ilinitoka. Alikunjua kalenda, tukaibana kwenye ukuta wa ghala kwa vijiti, na kwa mara ya kwanza nikamwona Ganesha mzima. Jinsi alivyokaa kwa raha! Mkono mmoja umeshika shoka, wa pili kamba, wa tatu bakuli la vitu vitamu, wa nne umeinuliwa kiganja wazi. Miguuni pake panya. Nikauliza kila kitu, na yeye akanijibu kila kitu, huku amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa na kunitazama ninavyofanya kazi.

Shoka ni la kukata yale yanayomfunga mtu, alisema. Kamba ni ya kumvuta mtu karibu na Mungu anapopotea. Kiganja wazi kinasema usiogope. Tumbo kubwa ni kwa sababu anameza yote, mazuri na mabaya ya dunia, na yanatulia humo ndani. Macho madogo ya kutazama kwa makini. Masikio makubwa ya kusikia maombi yote, na mdomo mdogo uliofichwa chini ya mkonga kwa sababu hasemi ovyo.

"Mbona pembe moja imevunjika?" niliuliza.

"Aliivunja mwenyewe. Alikuwa anaandika maneno matakatifu, kalamu ikakatika, na aliyekuwa akimsomea hakutakiwa kukatizwa. Akavunja pembe yake, akaendelea kuandika nayo."

Niliacha kufinyanga nikamtazama yule wa kwenye kalenda. Nilimpenda kwa hilo kuliko kwa yote.

"Na kichwa?" Sauti ilitoka nyuma yetu. Alikuwa mama mkwe, amesimama mlangoni na ungo mkononi, anajifanya anapepeta ulezi. "Kichwa cha mnyama alikipataje?"

Yule mama akamgeukia kwa heshima, akamwamkia kwanza, kisha akasimulia. Palikuwa na mungu wa kike anayeitwa Parvati, mke wa mungu mkubwa Shiva. Siku moja mumewe hayupo, alijisugua mwili kwa manjano kabla ya kuoga. Akakusanya ule uji wa manjano uliotoka mwilini mwake, akaukanda, akafinyanga mtoto wa kiume. Akampa uhai, akamwambia, kaa mlangoni, asiingie mtu mpaka nimalize kuoga. Shiva akarudi. Mtoto hakumjua baba, baba hakumjua mtoto. Mtoto akakataa kumpisha. Shiva akakasirika, akamkata kichwa.

"Mwanawe!" mama mkwe alisema.

"Mwanawe."

"Na mama yake alifanya nini?"

"Alighadhibika mpaka dunia nzima ikatikisika. Alisema ataimaliza yote, asibaki mtu wala nyota."

"Alifanya vizuri."

"Basi Shiva akaogopa, akatuma watu wakalete kichwa cha kiumbe wa kwanza watakayemkuta amelala kichwa kikielekea kaskazini. Wakamkuta tembo. Mtoto akaunganishwa, akafufuka. Na ili mama yake atulie, Shiva akasema kuanzia leo huyu ataombwa wa kwanza kabla ya miungu wengine wote. Kwa hiyo sisi tukioa, tukisafiri, tukianza kazi, tunaanza na yeye. Yeye ndiye anayeondoa kizuizi njiani."

Mama mkwe aliacha kupepeta. "Kwa hiyo ni mtoto aliyefinyangwa," alisema.

"Ndiyo, mama. Alifinyangwa na mama yake."

Mama mkwe akaweka ungo chini, akavuta kigoda chake, akakisogeza mpaka ubavuni kwangu, akachota donge la udongo. "Panya," alisema, "niachie mimi. Panya nawajua."

Na kweli aliwajua, kwa sababu kila mwaka walimaliza ulezi wake ghalani. Kwa muda usiozidi kula karanga za kiganja kimoja, panya alikuwa amekaa juu ya ubao, masikio juu, mkia umezunguka, mdomo unakaribia kutafuna. Yule mama alieleza kwamba panya ni tamaa ya mtu, inatafuna kimya kimya usiku na mchana, na Ganesha ameikalia, anaipeleka atakako yeye. "Wa ghalani kwangu hajapata wa kumkalia," mama mkwe alijibu, na tukacheka wote watatu.

Habari ilienea. Kesho yake ua ulijaa majirani, na kati yao akaja balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mwenye suruali ya kaki iliyopigwa pasi.

"Ndugu mfinyanzi," alisema, "nimeambiwa hapa kunatengenezwa kitu. Ni nini, na ni cha nani?"

Nikamwamkia, nikamweleza. Alizunguka ubao mara mbili, mikono mgongoni. Kisha akanyoosha kidole.

"Masikio hayo si ya tembo. Hayo ni ya ng'ombe."

Watu wakaangua kicheko. Nikamwonyesha kalenda, kwamba nimeiga kama ilivyo.

"Huyo aliyechora hajui," alisema. "Mimi ujana wangu nimeishi bonde la Rukwa. Tembo walitupita karibu kama wewe na mimi. Sikio la tembo linafunika bega lote, linapepea kama shuka kwenye kamba." Akavua kofia, akachuchumaa, akachora sikio kwenye vumbi kwa kidole, pana juu, limechongoka chini. "Hivyo."

Nikafinyanga masikio mapya kwa kufuata vumbi la balozi. Yalikuwa makubwa mno, ilinibidi niyashikize kwa vijiti vya nyasi ngumu ndani yake. Yule mama aliporudi jioni ile kuangalia, niliogopa kwamba nimeharibu. Aliyagusa masikio moja moja. Baadaye akaniambia kwamba tembo wa kwao masikio ni madogo, ndiyo maana picha iko vile.

"Niyapunguze?"

"Usithubutu. Huyu amezaliwa huku. Na maombi ya mwaka huu ni mengi, acha asikie vizuri."

Safari hii hakupasuka. Tulimkausha kivulini nyuma ya ghala, amefunikwa kitambaa chenye unyevu mchana, tunamfunua taratibu. Asubuhi ya sikukuu nilimweka kwenye tenga juu ya matandiko ya majani ya migomba, nikamtwika kichwani kama ninavyotwika vyungu, nikaanza safari ya mjini. Mama mkwe alikuja nami amembeba panya wake kwenye kitambaa, ingawa alikuwa amesema hatakuja. Sijawahi kutembea vile. Kila hatua niliihisi shingoni. Watu barabarani waliuliza, tukajibu, nao wakaanza kutufuata, na tulipoingia Majengo tulikuwa kundi.

Fundi cherehani alitoka nje na futi yake ya kitambaa shingoni. Alipofunua tenga, alikunja viganja pamoja mbele ya kifua, akainamisha kichwa. Mkewe alinipaka nukta nyekundu kwenye paji la uso, akampaka na mama mkwe, naye mama mkwe akanyoosha shingo ili apakwe sawasawa.

Walimweka kwenye meza chumba cha nyuma, juu ya kitambaa chekundu. Mpaka hapo, mama wa Kihindi alinieleza, ni udongo tu, mzuri lakini udongo. Sasa wanamwalika aingie. Mumewe akachukua brashi nyembamba, akachora macho. Nilikuwa nimemwona udongo siku sita, nimemshika kila mahali, na bado macho yale yalipofunguka nywele zilinisimama. Wakawasha taa ya samli, wakapiga kengele ndogo, wakaimba wakipiga makofi, na taa ikazungushwa mbele yake. Mwanga ulipanda tumboni, ukapita kwenye mkonga, ukaingia nyuma ya masikio. Mimi sikusali sala yao, wala hakuna aliyenitaka nisali. Lakini nilisimama pale nikitamani kupiga kelele kwamba ule mkonga ni mimi, zile nyasi ni mimi!

Vitu vitamu vya Ganesha hufanywa kwa nazi na sukari. Mwaka ule nazi hazikufika, na sukari ilikuwa ya foleni. Mama wa Kihindi alikanda unga wa mchele wa Rukwa, akaujaza karanga na asali ya msituni, akavikunja kama vitunguu saumu, akavipika kwa mvuke. Samli ilitoka kwa jirani yao Mwislamu mwenye lori. Vilikuwa ishirini na moja mbele ya sanamu, na jikoni vingine vingi vya watu. Nilikula vitano. Mama mkwe alikula, kisha akauliza kama anaweza kumpelekea balozi.

Wakati tunakula ndipo nikauliza atakaa mezani pale mpaka lini.

"Siku tano," alisema yule mama. "Siku ya tano tunampeleka majini."

"Kuoshwa?"

"Hapana, dada. Anaingia majini anayeyuka. Ndiyo maana sikutaka achomwe."

Kitafunio kiliniganda mdomoni. Nilimwangalia Ganesha wangu na masikio yake, mikono minne, vidole ishirini nilivyotengeneza kimoja kimoja. Yule mama aliona uso wangu, akanisogelea. "Ni mgeni," alisema. "Mgeni anakuja, anakula, anasikiliza shida zetu, halafu anaondoka nazo. Tukimzuia hatakuwa mgeni tena. Njoo siku ya tano. Wewe ndiye umemleta, uje umsindikize."

Shida ilikuwa maji. Kiangazi kile mto wa karibu ulikuwa tope. Miaka mingine walizamisha sanamu ndogo kwenye beseni uani, na mume alisema beseni litatosha. Mkewe akakataa, akasema Ganesha wa ukubwa huu haagwi kwenye beseni la kufulia. Ndipo yule jirani Mwislamu akaingilia. Lori lake lilikuwa linashuka Kasanga kuchukua samaki wa Ziwa Tanganyika.

"Linashuka tupu," alisema. "Pandeni na mgeni wenu. Kurudi mtanuka migebuka, lakini hilo ni lenu."

Mimi Ziwa Tanganyika nilikuwa nalisikia tu. Asubuhi ile tulipanda nyuma ya lori, fundi na mkewe, watoto wao, majirani wawili watatu, na mimi katikati, nimempakata Ganesha kwenye mapaja ili asitikiswe. Mama mkwe alibaki na ulezi wake. Mama wa Kihindi alianza kuita, "Ganapati Bappa!" na watoto wakajibu, "Morya!" Akanieleza kwamba ni jina lake la mapenzi, wanaita hivyo wanapomsindikiza. Mara ya tatu na mimi nikajibu. Tulipofika Msanzi sauti yangu ilikuwa imeshakauka na bado sikunyamaza. Lori lilisimama kuweka maji kwenye rejeta, watu wa kijiji wakatuzunguka wakitaka kuona, na wanawake wakapiga vigelegele kabla hata hawajaelezwa ni nini.

Baada ya hapo barabara ikaanza kushuka. Hewa ikawa ya joto, kona baada ya kona, mkono mmoja nimeshika ubavu wa lori, mkono mmoja nimeshika tumbo la Ganesha. Ghafla miti ikafunguka na maji yakawa mbele yetu. Mengi! Ya buluu mpaka yanapokutana na mbingu! Nilisimama wima lori likienda, dereva akapiga kelele nikae. Watoto wa fundi walinicheka sana.

Kasanga wavuvi waliacha kukunja nyavu wakaja kutazama. Waliwasha taa ya samli mara ya mwisho pale mchangani, upepo ukaizima mara mbili, ya tatu ikashika. Kila mmoja wa familia alimnong'oneza Ganesha sikioni, na kwa masikio yale hawakuhitaji kuinama sana. Kisha mtoto wao mmoja akamtanguliza panya majini, fundi akamnyanyua Ganesha, na mkewe akanigeukia.

"Shika upande huu."

Nikaingia ziwani na kanga yangu, maji yakafika magotini, yakafika kiunoni. Yalikuwa safi hivi kwamba niliona vidole vya miguu yangu. Tulimzamisha mara ya kwanza, tukamwinua. Mara ya pili, tukamwinua. Mara ya tatu tukamwachia. Alikaa chini kwenye mchanga, amekunja miguu yake kama alivyokaa uani kwetu. Mwanzo hakuna kilichotokea. Kisha moshi wa kijivu ukaanza kumtoka mabegani, masikio yakalegea yakapepea, kweli yakapepea, kama balozi alivyosema yanavyofanya, na mikono ikafunguka mmoja mmoja. Nilifikiri nitaumia. Badala yake kitu kilipanda kifuani mwangu, nikapiga kelele, "Ganapati Bappa!" kwa sauti iliyomshtua hata fundi, na ufukwe mzima, wavuvi na wake zao na utingo wa lori, wakajibu.

"Mwaka ujao uwahi kuja," mama alimwambia yule wa majini, kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie.

Mwaka uliofuata yule mama hakungoja kasha la Dar es Salaam. Alikuja Pito mapema, na mwaka wa tatu pia, na kuendelea hivyo mpaka familia ile ilipohama mji. Padri wetu nilimweleza mwenyewe, akaniuliza kama nimeacha kusali, nikasema hapana, akaniuliza kama ninaweza kumfinyangia bakuli la maua ya altare. Nikamfinyangia.

Lakini mwaka ule wa kwanza, siku ya ziwa, nilifika nyumbani jua linazama, nanuka samaki, sauti imekwisha, nukta nyekundu niliyopakwa tena ufukweni imechuruzika mpaka puani. Mama mkwe alikuwa jikoni akikoroga uji.

"Aliyeyuka?" aliuliza.

"Aliyeyuka, mama."

"Vizuri? Bila mabonge?"

"Bila bonge hata moja."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekabidhiwa kazi akaikuta sawa. "Na panya?"

"Panya alitangulia."

"Na hilo ziwa, likoje?"

Nikachutama karibu naye nikaanza kumweleza kwa sauti ya kunong'ona, kwa mikono, tangu kona ya kwanza ya kushuka, naye akaacha mwiko ndani ya chungu akanisikiliza, na uji ukaungua.